Namna ya kupanga safari ya Sisilia: kalenda kwanza, tiketi baadaye

Watu wanaoniomba niwasaidie kupanga safari ya Sisilia huja na orodha tayari mkononi: Palermo, Catania, Taormina, Mlima Etna, mahekalu ya Agrigento, visiwa vya Eolie, na siku zikibaki, Malta. Huipokea orodha, nikaikata nusu, kisha nikauliza: unakwenda kumwona nani? Nilifundisha historia kwa miaka mingi na maradhi hayo hayajaniisha. Kisiwa hiki wamepita Wafinisia, Wagiriki, Warumi, Wabizanti, Waarabu na Waberiberi, Wanormani na Wahispania. Wakaja Waalbania waliowakimbia Waturuki. Na leo ukiingia sokoni Palermo utawakuta Watunisia, Wabangladeshi, Watamili, Waghana na Wanaijeria wakibishana bei na wenyeji. Asiyechagua kati ya hao wote atamalizia likizo yake ndani ya basi, maana Sisilia ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania: kilomita za mraba 25,700 hivi, na kutoka Trapani magharibi hadi Siracusa mashariki ni zaidi ya kilomita 350 za barabara.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na ufuatwe kwa mpangilio huu huu. Chagua siku ambayo wenyeji wana shughuli yao wenyewe. Chagua vituo viwili vikuu vya kulala, kimoja magharibi na kimoja mashariki. Ndipo utafute tiketi.

Siku zenye watu

Anza kwa kufuta Julai na Agosti. Tarehe 11 Agosti 2021, karibu na Siracusa, kipimajoto kilifika nyuzi 48.8, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa hiyo ndiyo rekodi ya bara zima la Ulaya. Tena karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Ferragosto, Waitalia wenyewe wako likizo: fukwe zimejaa, vyumba vimepanda bei, na duka lile dogo la familia ulilosifiwa limefungwa. Ninaruhusu jambo moja tu la kiangazi, usiku wa tarehe 14 Julai mjini Palermo. Ni Festino ya Santa Rosalia, mtakatifu mlinzi wa mji, anayesadikiwa kuuokoa na tauni ya 1624. Gari kubwa lenye sanamu yake huburutwa kutoka kwenye kanisa kuu kuteremka hadi baharini, watu wanakula konokono na matikiti maji barabarani, na fataki hupigwa usiku wa manane. Kama joto unaliweza, nenda.

Wengine wote huwapa Pasaka au Septemba.

Wiki ya Pasaka ina mambo mawili ambayo hayako mbali moja na jingine. Trapani, mchana wa Ijumaa Kuu, hutoka maandamano ya Misteri: vikundi 20 vya sanamu za mateso ya Yesu, kila kimoja kikibebwa mabegani na watu wa chama cha kazi fulani, wavuvi, waashi, wachinjaji na kadhalika, bendi zikiwafuata nyuma, usiku kucha hadi kesho yake mchana. Halafu asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, huko Piana degli Albanesi, kilomita 25 hivi kutoka Palermo, wanawake wa mji uliojengwa na Waalbania mwaka 1488 huvaa magauni ya hariri yaliyotariziwa nyuzi za dhahabu, wakapita barabarani baada ya misa ya Kibizanti, na watu wakagawiwa mayai mekundu. Ni Wakatoliki wanaomtii Papa huku wakisali kwa ibada ya Wagiriki na kuzungumza Kiarbëresh, Kialbania chao cha zamani, nyumbani. Vibao vya barabarani vina lugha mbili. Ukitaka yote mawili, lala Trapani usiku wa Ijumaa, rudi Palermo Jumamosi, na taksi ya kwenda Piana uikubaliane mapema, kwa sababu basi la Jumapili ya Pasaka si la kutegemea. Vyumba vya Trapani kwa wiki hiyo huisha miezi kabla.

Septemba ni ya wale wanaopenda bahari na chakula. Maji bado yana joto, wanafunzi wamerudi shule, na San Vito Lo Capo hufanya tamasha lake la kuskusi, wapishi wa pande zote za Mediterania wakishindana. Tarehe 4 Septemba, Palermo tena: watu hupanda Mlima Pellegrino kwa miguu, wengine peku, hadi kwenye pango la Santa Rosalia. Miongoni mwao utawaona Watamili kutoka Sri Lanka, Wahindu kabisa kwa dini yao, wamebeba maua kumpelekea mtakatifu wa Kikatoliki. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya watalii. Hupanda Jumapili nyingine pia, hakuna kamera hata moja.

Kwa asiyeogopa mvua, majira ya baridi ni rahisi na matulivu. Catania husherehekea Sant'Agata tarehe 3 hadi 5 Februari, na mji mzima hausogei. Tarehe 13 Desemba ni Santa Lucia: Siracusa humtoa kwa maandamano, na Palermo huacha mkate na tambi siku nzima kukumbuka meli ya nafaka iliyofika wakati wa njaa. Adhabu ya kuacha mkate wanaitimiza kwa kula arancine, madonge ya wali yaliyojazwa na kukaangwa, tangu asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo usiwaonee huruma.

Karatasi

Italia imo katika eneo la Schengen. Viza ya matembezi inakupa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama ni Roma siku mbili na Sisilia wiki nzima, yote ni Italia, hakuna tatizo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiukaribie huo mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 hadi 11 nusu yake, na wadogo zaidi hawalipi. Kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake juu. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Vyumba weka vile vinavyoweza kufutwa bure, na tiketi ya ndege iwe ya kuwekewa nafasi tu mpaka viza itoke. Mimi huambatisha pia ratiba ya siku kwa siku, ukurasa mmoja, yenye mji na mahali pa kulala. Anayesoma maombi mia kwa siku anapenda kuona mtu anayejua anakokwenda.

Wajanja wa ramani huona kuwa Tunis iko ng'ambo tu na kwamba kuna feri ya usiku kutoka Palermo. Ni kweli, na ni safari nzuri, lakini ukikanyaga Tunis umeshatoka Schengen. Viza ya kuingia mara moja haikurudishi, kwa hiyo omba ya kuingia zaidi ya mara moja tangu mwanzo, na hakikisha Tunisia nayo inakuruhusu kuingia. Malta haina shida hiyo, imo ndani ya Schengen, na kuna boti ya mwendo kasi kutoka Pozzallo.

Jambo jingine la mpakani: tangu Oktoba 2025 Ulaya ilianza kuwasajili wageni wa nje kwa mashine, picha ya uso na alama za vidole, badala ya mhuri. Usajili hufanyika kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen unaotua, ambao kwa wengi ni Roma au Milano. Acha nafasi ya kutosha kabla ya ndege ya Palermo. Saa moja na nusu ni kamari.

Kuingia huku, kutoka kule

Kuna viwanja viwili vikubwa. Wa Palermo una majina ya mahakimu Falcone na Borsellino, waliouawa na mafia mwaka 1992, na uko kilomita 30 na kitu magharibi mwa mji, una treni na basi. Wa Catania uko karibu sana na mji. Ingia kwa mmoja, utokee kwa mwingine. Bei mara nyingi ni ile ile na unajiokoa kurudi nyuma. Mimi hupenda kuanzia Palermo kwa sababu inachosha, na ni heri kuchoka mwanzoni.

Kati ya Palermo na Catania panda basi, ni chini ya saa 3. Palermo hadi Agrigento treni ni nzuri, saa 2 hivi. Ukiwa na muda na hamu, njoo kwa treni kutoka bara: huko Villa San Giovanni mabehewa huingizwa ndani ya feri, yakavuka mlango wa bahari hadi Messina huku abiria wamepanda juu kununua arancini. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa ni lazima igongwe muhuri kwenye kimashine cha kituoni kabla ya kupanda. Za mabasi ya mjini huuzwa kwenye vibanda vya tumbaku. Na ukisoma ratiba, *feriale* ni Jumatatu hadi Jumamosi, *festivo* ni Jumapili na sikukuu. Upande wa *festivo* mara nyingi hauna kitu.

Gari la kukodi ni la siku chache za miji midogo tu. Utahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha pamoja na leseni yako. Ndani ya Palermo na Catania liogope kama deni. Katikati ya miji kuna maeneo yaliyozuiwa magari, yameandikwa ZTL, yana kamera, na faini hukufuata hadi nyumbani kupitia kampuni ya kukodi, ambayo nayo hukata ada yake ya kukutaja.

Palermo, na namna ya kuisoma

Toa siku tatu. Siku ya kwanza iwe ya wafalme. Fika mapema Palazzo dei Normanni, uingie Cappella Palatina kabla ya makundi. Roger II, Mnormani aliyetawazwa siku ya Krismasi 1130, alijenga kanisa hili la ikulu kwa mpango wa Kilatini, kuta akawapa mafundi wa Kibizanti wazijaze mozaiki za dhahabu zenye maandishi ya Kigiriki, na dari akawaachia mafundi Waislamu. Watalii wengi huangalia dhahabu, wakapiga picha, wakatoka. Wewe chukua darubini ndogo uangalie juu: katika vile vipande vya mbao vilivyochongwa kama matone wamechorwa wanamuziki, wanywaji, wanyama, watu wawili wanacheza sataranji, na pembeni dua za Kiarabu kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Jengo hili leo ndilo bunge la mkoa, hivyo siku za kazi za wabunge, Jumanne hadi Alhamisi, vyumba vya kifalme huwa vimefungwa ingawa kanisa liko wazi. Jumapili asubuhi kuna ibada.

Kutoka hapo teremka hadi kanisa kuu. Kabla ya kuingia, simama kwenye ukumbi wa nje upande wa kusini, uitazame nguzo ya kushoto. Ina aya ya Kurani iliyochongwa, Sura ya Al-A'raf, aya ya 54. Hapo palikuwa na msikiti, kabla yake kanisa, kisha likarudi kanisa. Ndani kuna kaburi la Roger na la mjukuu wake Frederick II.

Kisha fika Martorana, lililojengwa na George wa Antiokia, amiri-jeshi wa majini wa Roger, na leo ni la Waalbania wa Piana. Ndani kuna mozaiki ya Roger akivishwa taji na Kristo mwenyewe, amevaa kama mfalme wa Kigiriki. Jirani yake ni San Cataldo, kuba tatu nyekundu, ndani patupu na kimya.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote kiko mbali kidogo, kwenye kasri la Zisa, na wengi hawafiki. Ni jiwe la kaburi la mwaka 1149, ambalo padri mmoja aitwaye Grisanto alimchongea mama yake, Anna. Limeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu tena kwa herufi za Kiebrania, kila andiko likitumia kalenda ya watu wake. Ndio wakati ule ule ambapo al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu wa ikulu ya Roger, alikuwa akiandika maelezo ya dunia nzima, aliyoyamaliza mwaka 1154. Malindi imo humo. Hata hivyo usije ukaimba kwamba ilikuwa pepo. Chini ya huyo Frederick wa kaburini, Waislamu wa Sisilia walihamishwa kwa nguvu hadi Lucera, bara, kuanzia miaka ya 1220, na amri ya Wahispania ya 1492 ikawafukuza Wayahudi. Katika mitaa ya zamani ya Wayahudi mjini Palermo vibao vimeandikwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Waliorudishwa ni maneno.

Siku ya pili iwe ya soko la Ballarò, asubuhi, kabla ya saa 5. Nenda na njaa na pesa ndogo ndogo. Msalimie muuzaji kwanza, *buongiorno*, ndipo uulize. Na kamera ibaki mfukoni mpaka umenunua kitu na kuomba ruhusa. Mtaa huu ndio makao ya wageni wa leo. Kuna kinyozi wa Kighana, duka la viungo la Mbangladeshi, na mgahawa wa Moltivolti, ulioanzishwa mwaka 2014 na watu wa mataifa mbalimbali, ambako chakula cha Kisisilia na cha Kiafrika hupikwa jiko moja. Kwenye ukuta mmoja amechorwa mtu mweusi mkubwa, Benedetto il Moro. Wazazi wake walikuwa Waafrika watumwa huko San Fratello. Alizaliwa miaka ya 1520, akawa mtawa na mpishi wa watawa, akafa Palermo mwaka 1589. Baraza la mji lilimfanya mlinzi mwenza wa Palermo karne ya 17, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1807. Nimewauliza vijana wa huko wanaomjua Rosalia kwa nyimbo, na Benedetto hawamjui. Masalia yake yaliungua katika moto wa misitu wa Julai 2023.

Siku ya tatu ni Monreale, kwa basi la mjini kutoka Piazza Indipendenza: kanisa la William II, mfalme Mnormani mjukuu wa Roger, mozaiki za zaidi ya mita za mraba 6,000. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Makanisa mengi hufungwa saa sita mchana au saa saba na kufunguliwa tena saa kumi hivi, kwa hiyo mchana ni wa kula na kulala.

Magharibi: kuskusi na Kasbah

Mwaka 827 majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalitua Mazara, mji wa bandari magharibi mwa kisiwa. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Watunisia wakarudi kwa njia nyingine, kufanya kazi kwenye meli za uvuvi, na mitaa ya zamani iliyokuwa imehamwa ikapata watu. Inaitwa Kasbah. Ina vichochoro vilivyopambwa kwa vigae vya rangi, na mchana utasikia redio ya Kiarabu dirishani. Mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda mlangoni aliitikia salamu ya shangazi yangu, akamwita mama, akataka kujua tumetoka wapi na kama tumeshakula. Hiyo ndiyo ziara. Ukipenda jumba la makumbusho, liko la Satiri Achezaye, sanamu ya shaba ya Kigiriki iliyonaswa na nyavu za wavuvi wa Mazara mwaka 1998, na chumba kimoja kinatosha.

Lala Trapani, ambako kuna treni ya kupitia Marsala hadi Mazara. Kuskusi ya Trapani ni ya samaki. Suji hunyunyiziwa maji na kuviringishwa kwa vidole ndani ya bakuli pana la udongo, ikapikwa kwa mvuke saa nzima na zaidi, kisha ikamwagiwa mchuzi wa samaki wa miamba na kufunikwa blanketi ipumzike. Shangazi, aliyepika shughuli za watu maisha yake yote, alikula kimya, jambo lisilo la kawaida, kisha akasema, "Huyu vichwa hakuvitupa." Uliza kama kuskusi ni ya siku hiyo, mahali pazuri huipika siku maalumu au kwa kuagizwa.

Mashariki kwa haraka

Hapa wengine watanigombeza, lakini Taormina naipita. Ni nzuri na inajijua.

Weka kituo Ortigia, kisiwa kidogo cha mji wa kale wa Siracusa, Wagiriki wa Korintho walikofika mwaka 734 KK kwa hesabu za jadi. Ni tambarare, magoti ya shangazi yaliikubali. Kanisa kuu lake ni hekalu la Athena la karne ya 5 KK, na nguzo za Kidoriki zimesimama ndani ya kuta mpaka leo. Ukiingia ziguse, hakuna atakayekukataza. Limekuwa hekalu, kanisa, msikiti, na kanisa tena, paa moja. Mitaa ya Giudecca nyuma yake ilikuwa ya Wayahudi, na chini sana ya ardhi kuna bafu lao la tohara ya kidini, linaloonyeshwa kwa mwongozaji. Ukija Mei au Juni, nunua tiketi ya mchezo kwenye ukumbi wa Kigiriki wa mawe, ambako tamthilia za kale zimerudishwa jukwaani tangu 1914. Beba mto wa kukalia.

Noto, Ragusa, Modica na Scicli zilijengwa upya baada ya tetemeko la 1693, ndiyo maana zinafanana kwa umri na rangi. Chagua mbili. Ragusa na Modica ni ngazi tupu. Etna ina urefu wa zaidi ya mita 3,300. Kutoka Catania kuna basi moja asubuhi hadi Rifugio Sapienza, kituo cha mlimani, linarudi alasiri, na toka hapo ni gari la kamba. Juu kuna baridi hata mwezi wa Juni, vaa viatu vilivyofunga.

Chakula kwa asiyekula nguruwe

Swali hili huulizwa sana, na majibu ya mtandaoni ni ya kubahatisha. Neno la kulisaka ni *strutto*, mafuta ya nguruwe. Huingia kwenye magamba ya cannoli, vitamutamu vya umbo la bomba vinavyojazwa jibini laini, ambayo mara nyingi yana pia mvinyo wa Marsala, na kwenye baadhi ya mikate ya brioche inayoliwa na granita, barafu tamu iliyosagwa. Arancina ya siagi, *al burro*, huwa na nyama ya nguruwe ndani. Ya nyama uliza. Ya mchicha au ya bilinganya kwa kawaida ni salama. Kumbuka Palermo ni arancina, ya mviringo, na Catania ni arancino, mara nyingi yenye ncha. Ukikosea jina utasahihishwa mbele za watu.

Kula bila hofu panelle, ambazo ni bajia bapa za unga wa dengu na kotmiri ndani ya mkate wa ufuta. Kula tambi za sardini zenye shamari mwitu, zabibu kavu na zafarani, na tambi *alla Norma* zenye bilinganya, nyanya na jibini. Caponata, yaani bilinganya zilizopikwa kwa siki na sukari, nduwaro wa kuchoma, kamba wekundu wa Mazara, na granita ya lozi asubuhi. Mkate wa bandama, *pani ca meusa*, ni wa ng'ombe, lakini hukaangwa ndani ya strutto. Nyama halali utaipata Ballarò na Mazara. Palermo ina msikiti karibu na Via Celso, katika jengo lililokuwa kanisa.

Chakula cha mchana ni saa 7 hadi saa 9, cha usiku kuanzia saa 2. Bili itakuwa na *coperto*, euro chache kwa kila mtu kwa ajili ya meza na mkate; ni halali, usigombane. Hoteli nazo huongeza kodi ya mji kwa kila usiku, wakati mwingine taslimu.

Siku kumi zikipangwa

Usiku nne Palermo, ukiiba nusu siku kwenda Piana kwa basi siku ya kazi, siyo lazima Pasaka. Usiku mbili Trapani, moja ikiwa na safari ya Mazara. Rudi kupitia Palermo, basi hadi Catania, unganisha Siracusa, usiku tatu Ortigia na siku moja Noto. Agrigento nimeiacha kwa makusudi. Ukiitaka, mtoe Trapani. Usiku wa mwisho lala Catania, uamkie soko la samaki nyuma ya Piazza del Duomo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali huwa bure, na foleni ndefu kadiri hiyo. Jumatatu mengi hufungwa. Beba nakala ya pasipoti kila utokapo, kwani polisi wana haki ya kuuliza kitambulisho, na wageni weusi huulizwa zaidi, nisikufiche. Namba ya dharura ni 112.

Na Etna ikikohoa majivu, uwanja wa Catania hufungwa kwa saa kadhaa na ndege hupelekwa Comiso au Palermo. Kwa hiyo tiketi ya Catania hadi Roma na ile ya kutoka Roma zikatwe pamoja kama tiketi moja, ili shirika la ndege ndilo libebe mzigo wa kukupangia upya. Usiku wa kuondoka tazama tovuti ya uwanja kabla ya kulala, na tena ukiamka, ndipo uite taksi.